Ipe Umeme, Usiiulize Swali

Ilikuja imefungwa ndani ya leso,
nyembamba kama biskuti.
Wavinya akaiweka juu ya meza yangu,
ngazi za Luthuli zimemkata pumzi,
akasema: Kerubo, haionekani.

Hakusema imekufa. Hilo nililishika.

Stima zilipotea Pipeline usiku wa Jumanne
akiwa katikati ya michango ya Agosti.
Ziliporudi, kompyuta iliwaka, ikamsalimu kwa jina,
ikakana kwamba iliwahi kuwa na diski ya pili.
Miaka sita ya chama, wanawake kumi na wanane:
nani alikopa, nani alilipa, nani alifiwa akasamehewa riba.
Tangu siku hiyo, akasema, kila mtu anakumbuka,
na hakuna anayekumbuka kwamba anadaiwa.

Zile za zamani zilikuwa na adabu ya kulia.
Sindano ikigonga sahani ta, ta, ta,
unajua mgonjwa anaumwa wapi.
Hii haizunguki, haitetemeki.
Unaiweka sikioni, unasikia damu yako mwenyewe.

Nilianza na yaliyo rahisi, maana aibu ya fundi
ni kumpasua tumbo mtu aliyebanwa na kiatu.
Nikabadilisha kebo. Nikahamisha tundu.
Nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha mwanangu,
kile chenye harufu ya zabibu.
Nikaingia kwenye ule ukurasa wa buluu wa kabla ya yote,
pale mashine inapojihesabu viungo:
kumbukumbu ipo, feni ipo,
saa ipo, imechelewa miaka miwili.
Mahali pake, kistari.

Saa tisa ilijitokeza mara moja, bila jina,
ukubwa sifuri, na mashine ikauliza
kwa upole wa karani wa benki: niiandae upya?
Lemayian, mwezi wake wa pili kwangu,
kidole kilikuwa njiani. Nikamdaka mkono.
Kuna ndiyo ambayo ni kaburi, nikamwambia.
Ikatoweka tena.

Basi nikafanya lile linalofanana na uvivu.
Nikachomoa kebo ya data, nikaacha ya umeme peke yake.
Nusu saa. Zima. Pumzi thelathini. Washa. Nusu saa tena.
Ndani yake kuna msimamizi mdogo
aliyeshtuliwa na giza akiwa na mafaili mikononi,
hajui tena rafu ipi ni ipi.
Ukimwita anazidi kuchanganyikiwa.
Ipe umeme, usiiulize swali.

Tukakaa. Chini, mtu alikuwa akijaribu spika,
wimbo uleule, sekunde kumi, kumi, kumi.
Wavinya akala njugu moja moja kama anayelipa deni.
Lemayian akafagia palipofagiliwa.

Saa kumi na moja kasorobo nikairudishia kebo.
Orodha ikasita.
Halafu, E.
Herufi moja tu, kama mtoto wa dawati la nyuma
anayeitika jina lake kwa sauti ya chini.

Hatukushangilia. Nilianza kunakili kabla haijabadili nia,
mara mbili, kwenye diski mbili.
Wavinya akavuta stuli, akashuka na kidole kwenye kioo
mstari kwa mstari, akiguna:
Nthenya, elfu sita. Ee! Na alivyoapa!
Kidole kikafika chini, kikasimama.
*Wavinya, mkopo wa Machi, baki elfu nne mia mbili.*

Feni ilisikika.
Alikuwa amekwisha kuniambia, mara mbili,
kwamba katika chama kizima ni yeye aliyemaliza.
Akanitazama. Mkono wangu ulikuwa karibu na swichi
kuliko wake. Kunakili kulikuwa kumefika sabini na moja.

Sabini na mbili.

Kumbe, akasema.
Akafungua pochi, akahesabu elfu moja na mia tano yangu,
akizinyoosha noti moja moja kwenye paja.
Andika risiti, akasema. Kwa kalamu.